Ndege wa Manjano kwenye Maboksi Sitini

Kwa miaka minne watu walimwita Fundi Chiriku, naye akaitika. Ni mtu mkimya, salamu anaijibu kwa kichwa, ndiyo maana jina lilipomkaa mtaa mzima ulicheka. Lilitoka kwenye kazi yake. Anatengeneza kengele za shule: kiboksi cha plastiki chenye ukubwa wa kitabu kinene, ndani mna saa, na dakika iliyopangwa ikifika kengele inalia yenyewe, hata kama mlinzi amesinzia. Programu inayoendesha saa hiyo hakuiandika yeye. Iliandikwa na watu waliotawanyika huku na huko duniani, wengine hawajawahi hata kuonana, wakaiita Chiriku, kisha wakaiachia watu wote: anayetaka aichukue, airekebishe, hata aiuze. Nembo yao ni ndege mdogo wa manjano aliyefumbua mdomo.

Basi fundi alichukua programu, akachukua na ndege, akachukua na jina. Juu ya kila boksi alibandika stika yenye ndege huyo na maneno KENGELE YA CHIRIKU. Hakuona kosa. Ukipewa shati, unauliza kama na vifungo ni vyako?

Barua iliingia kwenye simu yake Jumanne asubuhi.

"Hebu nisomee," alimwambia mkewe. Mkewe ni fundi cherehani, na wanagawana chumba kimoja cha kazi: mke upande wa dirisha kwa sababu ya mwanga, mume upande wa ukuta. Mama akasimamisha cherehani, akavaa miwani.

Barua haikuwa na ukali, na hilo lilimtisha fundi zaidi. Aliyeandika ni mama mmoja anayesimamia mambo ya jina la mradi ule wa programu ya Chiriku. Alisema shule fulani imewalalamikia. Siku ya mtihani, msimamizi alianza kwa kuangalia saa yake ya mkononi, akamaliza kwa kusikiliza kengele, na kengele ikalia dakika tano kabla ya wakati. Karatasi zikakusanywa, watoto wakalia. Mwalimu mkuu akatafuta jina lililo kwenye boksi, akawafikia wao, akawaandikia maneno mazito. Wamepekua programu yao siku tatu nzima na hawajaona dakika tano hizo zimetoka wapi.

Fundi alijua zilikotoka.

Ilikuwa hivi. Kila mwalimu mkuu aliyefungiwa kengele alikuwa akimvuta pembeni: "Fundi, hawa watoto wanakokota miguu. Itangulize kidogo." Akachoka kuombwa. Siku moja akaingia ndani ya programu, akatanguliza dakika tano moja kwa moja, na tangu hapo kila boksi likatoka hivyo. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Mtihani haukumpitia akilini.

"Wanasema nini tena?" aliuliza.

"Wanasema programu endelea nayo, ibadilishe, iuze, ruhusa ni ileile. Lakini bidhaa yako usiiite Chiriku, na ndege wao umtoe. Unaweza kusema ndani inatumia Chiriku, maana huo ni ukweli. Watu wasidhani tu kwamba wao ndio walioitengeneza." Akamtazama juu ya miwani. "Mbona unatoka jasho, baba?"

Ukutani yalipangwa maboksi sitini, ndege sitini wamefumbua midomo. Yalitakiwa ofisi ya elimu Ijumaa, na karatasi ya oda ilisema wazi: kengele za Chiriku. Akilitoa jina, watayakataa. Akiliacha, wenye jina watamfuata. Siku hiyo na siku ya pili hakujibu barua. Alifungua skrubu ileile, akaifunga, akaifungua. Chakula alikigusagusa tu.

Jumatano jioni akapita jirani yao mchapaji, aliyechapa zile stika. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Shemeji, mwambie mumeo aache woga! Kitu cha bure, na jina lake la bure. Au tuongeze herufi moja tu, iwe Chirikuu. Ndege tumpake kijani. Nani atajua?"

"Shemeji, wewe nenda kachape kadi zako," mama alimjibu. "Mtoto wa mtu akivalishwa kofia ya kijani, mamaye hamjui?"

Mchapaji alipoondoka, mama alivuta kigoda akakaa mbele ya mumewe. "Sasa niambie. Hofu hii si ya stika."

Hapo ndipo fundi alipomweleza dakika tano, polepole, macho sakafuni. Alimaliza hivi: "Maadamu jina lilikuwa la wale, kengele ikikosea ni Chiriku imekosea. Mimi nilikuwa fundi tu. Nikiandika langu, lawama zote zinakuja hapa mlangoni."

"Zitakuja, ndiyo," mkewe alisema. "Zilikuwa zinaenda kwa nani, hizo?"

Alhamisi alfajiri alijibu barua, akakiri yote. Majibu yalirudi kabla ya saa sita: tunashukuru, sasa tunaweza kumwandikia yule mwalimu. Kutwa nzima alizitoa dakika tano, boksi baada ya boksi, na mkewe akafunika kila stika kwa kitambaa, akapitisha pasi ya uvuguvugu juu yake, gundi ikalegea, ndege wakabanduka mmoja mmoja. Stika mpya ilisema KENGELE YA FUNDI, na chini, kwa herufi ndogo: inatumia programu ya Chiriku, haikutengenezwa na mradi wa Chiriku. Halafu namba yake ya simu.

Ijumaa, mama anayepokea vifaa pale ofisi ya elimu aligeuzageuza boksi, akasoma stika.

"Sisi tuliagiza Chiriku."

"Imo ndani, mama. Ila boksi ni langu, na niliyoyabadilisha ni yangu." Akaeleza, pamoja na ya mtihani.

Mama akaliweka boksi mezani. "Na ikikosea, tunampigia nani?"

"Mimi."

Akasaini.

Jumamosi na Jumapili fundi alizunguka kwa baiskeli kwenye shule alizozifungia kengele zamani, akazirudisha kengele kwenye wakati wake, akabandua ndege na kubandika stika mpya. Jumatatu, saa mbili kasoro dakika moja, alikuwa amekaa mbele ya simu yake kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Kengele ya shule ya jirani ikalia saa mbili kamili. Dakika mbili, tatu. Simu ikaita.

"Pokea," alisema mkewe bila kuinua mguu kwenye cherehani. "Si namba umeiandika mwenyewe?"

Akapokea. Ni mwalimu mkuu wa shule hiyo ya jirani, yule wa kwanza kabisa kumvuta pembeni. "Fundi! Kengele yako ina nini? Imelia, na nusu ya watoto bado wako barabarani!"

Fundi aliitazama saa, akapumua kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Kengele ni yangu, mwalimu," alisema. "Watoto ni wako."