Fundi wa makochi aliyeolewa ng'ambo na kubaki na uraia wake

Kochi la watu watatu limelala chali katikati ya karakana, miguu juu, tumbo wazi. Mwanamke mwenye aproni ya turubai amepiga magoti kando yake, misumari midogo ameibana kwa midomo, nyundo mkononi. Anachomoa msumari mmoja, anaugonga mara mbili, anachukua mwingine. Mteja aliyesimama mlangoni anajua hatajibiwa salamu mpaka misumari iishe kinywani.

"Samahani, nilikuwa sina pa kupitisha maneno," anasema hatimaye, huku akijipangusa unga wa sponji usoni. "Kaa popote, ila siyo kile cha kijani. Kile kina mguu mmoja wa kuazima."

Karakana yake imebanwa kati ya duka la rangi na kibanda cha mchonga funguo. Mtaa mzima unamwita Mgeni. Watoto wanamwita Mama Mgeni. Hata mume wake, akiulizwa njiani karakana iko wapi, husema tu, "Ulizia kwa Mgeni."

"Mwanzoni liliniuma," anasema. "Nilikuwa nikifungua kinywa tu, mtu anacheka lafudhi yangu. Lugha yetu ni moja, lakini mimi nayavuta maneno na wao wanayakata. Sasa nimezoea. Siku hizi mtu akiniita kwa jina langu la kuzaliwa nadhani nimefanya kosa."

Mpaka aliouvuka kuja huku hauko mbali. Basi likiondoka asubuhi, jioni umefika kwao. Ila kwa miaka kumi na miwili aliyokaa hapa kama mke wa mtu, mpaka huo umekuwa ukilala naye kitanda kimoja.

Alizaliwa karakanani, kwa namna ya kusema. Baba yake ni fundi wa makochi, mjane aliyemlea binti yake wa pekee kati ya magunia ya sufi na mitungi ya gundi. Akiwa na umri wa kwenda shule, tayari alijua kuvuta kitambaa kisiweke mkunjo kwenye kona, kazi inayowashinda watu wazima wengi.

Mume alimpata hospitalini, na hakuna aliyekuwa mgonjwa. Baba na binti walikuwa wamepewa kazi ya kufunika upya mabenchi ya wagonjwa wanaosubiri. Yeye, kijana kutoka nchi jirani, alikuwa ameletwa na kampuni yake kufunga lifti. Benchi moja lilitakiwa ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa bado iko vipande vipande sakafuni.

"Akaniona nahangaika nalo, akashika upande wa pili," anakumbuka, na hapo anacheka mwenyewe. "Fundi wa lifti ananibebea benchi kwa ngazi. Ghorofa ya pili akaomba tupumzike. Nikamwambia, wewe hizi lifti unafunga kwa ajili ya nani, wagonjwa au nafsi yako?"

Mpaka leo wanaitana "fundi", yeye na mumewe.

Posa ilipoletwa, baba hakuweka vikwazo. Alimtazama kijana, akatazama mikono yake, akaridhika. Jioni kabla ya binti kuondoka ndipo alipomwita pembeni.

"Nenda kwa mumeo, mwanangu," alimwambia. "Kaa kwa wema na watu wake. Ila ukija hapa, uje kama mtu wa hapa. Nisije nikakupokea kama mgeni."

Alijua alichokuwa anasema. Kwa sheria ya kwao, mwenye kuchukua uraia wa nchi nyingine huupoteza wa kwao siku hiyohiyo. Huku kwa mumewe nako ni vilevile: anayeapishwa huacha kwanza wa zamani. Binti akaondoka na pasipoti yake, na ahadi kwamba ataitunza.

Ahadi ilikuwa na gharama zake. Aliishi kwa kibali cha mke, kinachohuishwa kila baada ya miaka miwili kwa sahihi ya mume. Leseni ya karakana ikabidi iandikwe kwa jina la mumewe, mtu asiyejua tofauti ya sponji ngumu na laini. Wakaguzi wakija, mwenye leseni yuko juu ya jengo fulani ananing'inia kwenye nyaya, na mwenye kazi anajieleza kama mtuhumiwa. Siku za uchaguzi mtaa wote huenda kupiga kura, yeye huachiwa funguo za maduka ya watu.

"Haya yote niliyabeba," anasema. "Lililonilemea ni mama."

Mama ni mama mkwe wake, mpishi mstaafu wa shule ya bweni, mwanamke wa sauti kubwa na moyo usioficha kitu. Alimpokea mkwe kwa mikono miwili. Mjukuu wa kike alipozaliwa, hakumruhusu mzazi kushika hata kijiko. Lakini jambo la uraia lilimkaa kooni.

"Nilikuwa namwambia wazi," anakiri mama mwenyewe, ambaye amekuja karakanani na chupa ya chai na hana mpango wa kuondoka. "Nikamwambia, mwanangu, unakula kwetu, unalala kwetu, umetuzalia mtoto mzuri. Kwa nini hutaki kuwa wetu? Nikaona ana mguu mmoja nje, siku yoyote ataondoka."

"Na mimi nilinyamaza," mkwe anadakia. "Ningejibu nini? Ukisema nampenda baba, inaonekana humpendi mama."

Mwaka juzi mume alianguka. Ubao aliokuwa amesimama juu yake ndani ya shimo la lifti uliachia, akateremka ghorofa mbili. Nyonga ilivunjika, na kwa siku kadhaa alilala bila fahamu, mashine zikimpumulia. Katika siku hizohizo kibali cha mkewe kilikuwa kinakwisha.

Alikwenda ofisi ya uhamiaji akiwa na macho mekundu, akaeleza. Karani alimsikiliza vizuri, akampa muda wa nyongeza. Kisha, kwa sauti ya chini, akamwambia jambo ambalo hakuwahi kulitazama usoni. Kibali cha mke humfuata mume. Mume akiondoka duniani, mke hupewa muda wa kufunga mizigo.

"Binti yangu ni raia wa hapa kwa baba yake. Ana shule, ana bibi, ana marafiki," anasema, na nyundo anaiweka chini. "Nikawaza, mume wangu akifa, namzika kisha naondoka namwacha mtoto? Au namng'oa mtoto naye? Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi za nje. Watu walinipita."

Mume alizinduka. Neno lake la kwanza kwa mkewe lilikuwa, "Fundi, lifti imepona?" Leo anatembea akichechemea kidogo, na kampuni imempa kazi ya ukaguzi, ya kutazama akiwa chini badala ya kuning'inia.

Lakini mkewe alikuwa ameshaamua. Angeapa. Alimpigia baba yake simu akamwambia.

"Mguu wa mumeo unaendeleaje?" baba akauliza.

"Unapona, baba."

"Basi vizuri. Fanya linalokufaa na mtoto wako. Mimi nipo."

Hakumlaumu. Ndilo lililomfanya ajifungie karakanani na kulia juu ya kochi la mteja, mpaka ikabidi akibadilishe kitambaa kile kwa gharama yake.

Siku ya kwenda kujaza maombi ya uraia, mama mkwe alisisitiza kumsindikiza. Alivaa nguo ya harusini, akajitia manukato. Njia nzima aliongea. Mkwe aliukumbatia mkoba kifuani, pasipoti ndani.

Karani, yuleyule wa mara ya kwanza, aliwasomea masharti. Alipofika kwenye kurudisha pasipoti ya kwao, mama alimkatiza.

"Anairudisha kwa muda gani?"

"Moja kwa moja, mama."

"Na akitaka kwenda kwao?"

"Ataomba viza. Kama mgeni yeyote."

"Kumwona baba yake mzazi?"

"Ndiyo, mama."

Mama aligeuka akamtazama mkwe. Mkwe alikuwa anatazama meza. Kwa miaka yote ile, anasema mama, yeye alidhani uraia ni kuongezewa, kama mtu anavyoongezewa mchuzi. Hakuna aliyemwambia kwamba sahani ya kwanza inaondolewa.

"Nilijisikia vibaya," anasema, sauti yake kubwa imepungua. "Nilikuwa nadai kitu nisichokijua bei yake. Mimi nikiambiwa leo nikaombe ruhusa ndiyo nilione kaburi la mama yangu, nitakubali? Sikubali."

Akamgeukia karani. "Hakuna njia nyingine ya huyu mtoto kukaa hapa, asimtegemee mume wake aliye hai wala aliyekufa?"

Karani akafikiri. Ilikuwepo, akasema, ingawa wengi hawaiulizi: ukaazi wa kudumu, kwa aliyetimiza miaka kumi. Uraia wake anabaki nao. Lakini anahitaji raia wa kumdhamini, asiye mume, mwenye makazi yake, atakayekubali kumtunza likitokea la kutokea.

"Niandike mimi," mama akasema.

"Mama, ni jukumu kubwa. Soma kwanza."

"Kalamu iko wapi?"

Walitoka, wakashuka ngazi, wakatembea mpaka kituoni. Hapo ndipo mkwe aliposhika mkono wa mama na hakuuachia mpaka nyumbani.

Kibali cha ukaazi kilitoka miezi saba baadaye. Leseni ya karakana sasa ina jina lake, na mwezi mzuri hufunika makochi sita. Mwezi mbaya ni mawili, na viti vya saluni. Bado hapigi kura hapa, na likizungumzwa hilo anainua mabega. Kuna siku, anakiri, humkera sana. Nyingine husahau.

Baba aliposikia habari ile aliomba apewe mama mkwe kwenye simu. Walizungumza muda mrefu, watu wawili wasiowahi kuonana tangu harusi. Tangu hapo huzungumza kila wiki, na mkwe analalamika kwamba baba yake sasa anapiga simu kumtafuta mtu mwingine.

Mpango uliopo ni wa likizo ijayo ya shule. Watasafiri wote: fundi wa lifti na nyonga yake, binti wa miaka tisa ambaye babu amemwahidi kumfundisha kugonga misumari, na mama. Mzee mgongo umeanza kumsumbua, na binti yake anataka kumalizia kazi zilizolala karakanani kwake kabla wateja hawajachoka.

Kilichobaki ni viza za watatu. Mama ameshapanga foleni mara mbili na mara zote mbili amerudishwa, mara picha ndogo, mara picha kubwa.

"Huyu ananicheka," anasema, akimimina chai. "Yeye ataingia kwao akipunga mikono tu. Mimi naulizwa nakwenda kwa nani."

"Na unawajibu nini, mama?" mkwe anauliza.

"Nawaambia nakwenda kwa kina mwanangu."