Filamu Isiyo na Herufi

Shangazi, Mungu ailaze roho yake mahali pema, alipiga picha za eksirei miaka thelathini na moja, na mfukoni mwa koti lake hazikukosekana herufi mbili za madini ya risasi: moja ya kulia, moja ya kushoto. Aliwafundisha wanafunzi kubandika herufi kabla ya kupiga, kwa sababu filamu ukiigeuza, kulia kunakuwa kushoto nayo haikuambii kitu.

Siku moja, mwanafunzi waliyembandika jina la Profesa, maana hakuna swali lililomshinda, alimpiga picha ya kifua seremala mmoja aliyejaa maji kifuani upande mmoja. Mgonjwa alikwisharudishwa wodini, na daktari alisubiri picha ajue sindano ya kutoa maji aichome wapi. Shangazi akaiinua filamu kwenye taa. Herufi hakuna.

"Profesa, kulia ni wapi hapa?"

"Si moyo huo, mama? Moyo uko kushoto tangu Adamu. Tuandike kwa kalamu, yaishe."

"Kwani ulikuwepo Adamu akiumbwa?"

Simu ikalia mara ya pili. Daktari. "Hiyo picha mnaipiga au mnaichora?"

Shangazi alisita. Kurudia ni kumpitishia mgonjwa mionzi mara mbili kwa kosa lisilo lake, na mionzi hakuifanyia mzaha hata siku moja. Lakini kubahatisha upande wa kiumbe wa Mungu, hapana. Akaenda wodini mwenyewe.

"Baba, tumekosea. Tuwie radhi, twende tena."

"Safari hii nitabasamu?" seremala akauliza, anahema.

Akamsimamisha kifua kikigusa ubao, kidevu juu, viwiko mbele ili mifupa ya mabega isifunike mapafu. Akabandika herufi ya kulia karibu na bega la kulia. "Vuta pumzi. Izuie."

Picha ilipotoka, Profesa aliigeuza, akaigeuza tena. Moyo wa mtu yule ulikuwa kulia. Maji yalikuwa kushoto. Kalamu ya Profesa ingeyapeleka kulia, na sindano ingeyafuata huko.

"Mama, ulijuaje?"

"Sikujua, mwanangu. Ndiyo maana nikamrudisha."

Kwenye daftari la picha zilizorudiwa Shangazi aliandika jina lake mwenyewe, kwani ndiye aliyesimama pale Profesa akipiga, asiangalie. Kisha akamkabidhi Profesa filamu, aipeleke kwa daktari na aeleze kwa kinywa chake kwa nini imechelewa.