Bibi Anaomba Maji

Alhamisi iliyopita alikuja darasani kwetu mama mmoja anayeandika vitabu vya watoto, na tangu siku hiyo mawazo yangu yako kijijini Sibwesa kwa Bibi, nilipokuwa na miaka sita au saba. Wewe rafiki yangu unanijua, kuongea mbele za watu siwezi. Ndiyo maana nakuandikia.

Msimu wa karanga Bibi alitandika turubai nyuma ya jiko, sisi wajukuu watano tukazunguka rundo, mashindano yakaanza: kumenya karanga bila ganda kutoa sauti. Hulipasui kwa kidole gumba kama watu wengine. Unaliminya taratibu pale kwenye ncha mpaka lifunguke lenyewe. Ganda likilia ta! umetoka. Ukicheka, umetoka. Kulikuwa kunanuka udongo mkavu na moshi, na juu ya bati unasikia kucha za njiwa wakitembea. Mshindi alipewa kiazi kitamu cha kwanza kutoka kwenye majivu. “Aliyenyamaza ndiye hula cha moto,” Bibi alikuwa anasema.

Karibu kila siku nilishinda mimi. Iliniuma kaka yangu akisema, “Huyu hashindi bwana, huyu ni bubu tu!” Bibi alimkazia macho: “Ceceka.” Yaani nyamaza. Ndilo neno pekee la Kirundi ninalolijua mpaka leo. Baba hakutaka tujue jingine. Nyumbani ni Kiswahili, alisema, na mtu akiwauliza nyie kabila gani, semeni Waha, kabila la hapa hapa nchini.

Basi, yule mwandishi alitusomea hadithi ya vita. Mama amejificha kwenye majani marefu na watoto wake, wenye bunduki wanapita karibu, na yeye anawafundisha watoto kula mahindi mabichi bila kutafuna kwa sauti. Wenzangu walisikiliza kama hadithi. Mimi nilikuwa naangalia vidole vyangu.

Alipomaliza akauliza, “Nani hapa ana bibi au babu aliyekimbia vita?”

Mmoja wa nyuma akasema, “Madam, hapa sisi wote Waha!” Darasa likaangua kicheko, na waliocheka zaidi ni wale ambao babu zao walivuka mpaka pamoja na Bibi yangu. Na mimi nilicheka. Mwandishi hakucheka. Alisema, “Waulizeni mapema, wazee hawatungoji. Jumamosi nitakuwa duka la vitabu pale mjini. Mniletee hata sentensi moja.”

Nilitaka sana kumpelekea hiyo sentensi. Sijawahi kutaka kitu hivyo.

Lakini Bibi siku hizi anaishi kwetu Kakese, na tangu augue mwaka jana Kiswahili kimemtoka chote. Amebaki na Kirundi. Ijumaa nilipotoka shule nilikaa naye kwenye mkeka, nikamwekea karanga mkononi, maana kumuuliza kwa maneno nisingeweza. Akaiminya kwenye ncha. Ikafunguka bila sauti. Akaniangalia, akaanza kuongea.

Aliongea mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye mkeka. Alionyesha kwa mkono majani yalivyokuwa marefu. Alinyoosha vidole vitatu, akakunja kimoja, akakaa hivyo. Nilisikia ceceka, ceceka, mara nyingi. Mengine yote yalinipita.

Nilipogeuka, Baba alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, jembe bado liko begani. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi.

“Baba, anasema nini?”

Alilishusha jembe. “Anaomba maji.”

“Muda wote huo?”

“Mletee maji, mama.”

Nilileta. Bibi hakuyanywa.

Jioni wakati wa kula Baba alisema, kama anaongea na sahani, “Mmezaliwa hapa. Mna karatasi zenu za uraia. Mnataka nini tena?” Hakuwa na hasira. Ningefurahi angekuwa na hasira, ningejua cha kujibu. Kesho yake asubuhi nilimfuata jirani yetu mzee, ambaye Kirundi anakijua, aje anitafsirie. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Mjukuu wangu, hayo ni ya nyumba yenu. Muulize baba yako.”

Nilienda tu dukani, sijui kwa nini. Watoto wamejipanga na madaftari yao. Zamu yangu ilipofika, mwandishi akanikumbuka. “Haya binti, Bibi alisemaje?”

“Aliomba maji,” nikasema.

Akaandika. Akaniambia ni sentensi nzuri sana.

Nyumba ya Sibwesa ilishaanguka, mvua zilikula ukuta mmoja baada ya mwingine. Wale wajukuu wengine wametawanyika, mmoja Mwese, wawili Dar, na kaka yangu akipiga simu hataki habari hizi, ananiambia soma wewe, mtihani uko karibu. Zamani nilidhani kitu kikipotea basi hakipo tena. Bibi yupo. Kila alasiri anasimulia, na mimi nakaa naye, naitikia kwa kichwa pale anaponyamaza. Leo amesimulia kirefu kuliko jana. Kufika mahali fulani akacheka, akanishika goti. Na mimi nikacheka, ili asijue.