Koti Jeupe la Kibaoni

Nilikuwa kwa fundi cherehani hapa Kibaoni nikisubiri suruali yangu ipunguzwe, akaingia mama mmoja na binti yake. Mama alitoa koti jeupe la daktari kwenye mfuko, akalitandaza mezani taratibu kama mtu aliyefiwa.

"Fundi, ulilishona vizuri. Lakini chuo wamempa mtoto kilimo, udaktari wamemnyima. Lifumue tu, unishonee kitu kingine."

"Hawajaninyima, mama," binti akasema kwa upole. "Udaktari sikuuomba. Niliomba kilimo, nisomee magonjwa ya mpunga."

Mama akashika kichwa. "Nimelima mpunga mpaka mgongo umepinda, nikakulipia shule ya binafsi ili uachane na mpunga. Leo unaenda kuusomea!"

Kabla binti hajajibu, akaingia mzee, jirani yao, akichechemea. Binti akampa shikamoo.

"Marahaba, daktari wetu," mzee akasema, huku akipandisha suruali. "Hebu niangalie hili goti."

Binti akamtazama mama yake. Mama akalitazama koti, akalitazama goti, kisha akaanza kulikunja koti harakaharaka.

"Msubiri kwanza amalize chuo, mzee wangu. Na wewe fundi, koti usiliguse."

Bonde zima hili tunakula wali, tunajenga na kusomesha kwa mpunga, lakini mtoto akitaka kuutibu huo mpunga tunamwonea aibu. Mzee alishusha suruali, akaondoka ameridhika kabisa. Goti lake linamsubiri daktari wa mpunga.