Hita ya Gari la Baba

Enzi zetu kule Kamuli, Kyerwa ikiwa bado haijawa wilaya, baridi ya alfajiri haikuwa na mzaha. Ukungu ulishuka kwenye migomba ukakaa humo mpaka jua lipande, na sisi watoto tulikwenda shule tumeficha mikono kwapani, vidole vinanukia ndizi za kuchoma. Vijana wa leo wakiona ukungu wanapiga picha. Sisi tulihesabu bahati kama tumeiona njia.

Ndiyo maana gari la baba lilijulikana mpaka mbali. Lilikuwa pikapu kuukuu, kubwa kiumri kuliko dada yetu wa kwanza, Adela, lakini lilikuwa na hita nzima. Hita ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Maji ya moto ya injini hupita humo, feni ikapuliza, ndani kukawa na joto na kioo cha mbele kikabaki safi. Kina mama waliopeleka watoto hospitali waliacha magari mengine yapite. "Tunangoja lenye jiko," walisema. Nikisikia hivyo nilitembea kifua mbele, kana kwamba jiko lenyewe ni mimi.

Basi wiki ya harusi ya Adela, hita ikaanza kuvuja. Baba mdogo Petro, mtu mwema aliyeamini kuwa hakuna kinachoishinda ndizi, hakusema na mtu. Alimimina unga wa ndizi kwenye rejeta kubwa ili uzibe tundu. Ukafika mpaka kwenye hita, ukaivia humo. Kesho yake baba alipofungua mpira wa maji, ulitoka uji.

"Petro," baba aliuliza taratibu, "na chumvi je?"

"Kaka, wenzangu huweka unga wa mahindi. Mimi nikaona huu wetu unashika zaidi."

"Umeshika, mdogo wangu. Umeshika kabisa."

Fundi mmoja wa Kayanga akashauri mipira miwili ya hita iunganishwe, maji yasipite tena kwenye hita. Baba akakataa. Kanisa lilikuwa Bugene, safari ingeanza alfajiri, na ilikuwa msimu wa mvua. Watu wakipumua ndani ya gari lililofungwa, kioo kingeziba na asingeiona barabara. Tena ndugu wa bwana harusi walikuwa wameshatuma maneno: "Mwambieni mzee, gari lake likigoma sisi tuna lori la kahawa. Bibi harusi atakaa juu ya magunia."

Mama aliweka kisu chini, ndizi ikiwa nusu imemenywa. "Mwanangu si buni," alisema.

Hita nyingine ilikuwa Bugomora, ndani ya gari bovu la aina ileile lililoozea uani kwa bibi mmoja. Baba alinipakia kwenye baiskeli tukaenda. Tulipofika, kuku alikuwa akilalia mayai kwenye sakafu ya gari lile, chini kabisa ya dashibodi.

"Shikamoo, mama," baba alisema.

"Marahaba. Hicho chuma chukua, mimi ninakipikia nini? Ila kuku wangu asiinuke. Akiyasusa mayai, utayalalia wewe."

Baba alijilaza chali, kichwa ubavuni mwa kuku, akafungua skrubu huku akidonolewa mkono. Alipomaliza alizamisha ile rejeta ndogo kwenye beseni la maji, akaziba mdomo mmoja kwa kidole na kupuliza mwingine. Hakuna povu lililotoka. Haikuwa imetoboka. Bibi yule alicheka mpaka akaketi chini, si kwa sababu ya hita, bali kwa jinsi baba alivyomwomba kuku samahani.

Kazi yenyewe ya kubadilisha hita ilifanyika nyumbani, kwa utaratibu wa baba. Alitandika mkeka, akatupanga watoto wote kwa kuzaliwa. Vifungo vya mipira, vilivyotoka kwanza, alimpa Adela. Skrubu zilizofuata akampa wa pili, kisha mimi, hivyo hivyo mpaka kitinda mimba. Kurudisha kungeanzia kwa mdogo na kuishia kwa mkubwa, na hakuna kitu kingekosa mahali pake.

"Atakayeinuka, harusini ataenda kwa miguu," baba alionya.

"Hiyo ni mikono ya bibi harusi!" mama alipiga kelele kutoka jikoni, kwa kuwa ya Adela ilikuwa myeusi kwa grisi.

Mimi sikuwa mtoto wa kukaa. Walimu walishindwa, na shule yenyewe niliiacha mapema nikaenda kuizunguka dunia. Lakini siku ile nilikaa, skrubu zikiloa jasho kiganjani. Baba alisafisha uji wote kwenye rejeta kubwa, akaingiza hita, akaanza kuita majina kutoka chini. Adela alikabidhi vifungo vyake mwisho. Injini ikawaka, tukangoja, kisha upepo wa moto ukatupiga usoni. Petro alipiga vigelegele kama mwanamke.

Alfajiri ya harusi ukungu ulikuwa mzito. Watoto tulikaa nyuma chini ya turubai, tunatetemeka na kuimba. Katikati ya mlima tukalikuta lile lori la kahawa, limetumwa kuja kutuokoa. Limesimama pembeni. Dereva anafuta kioo kwa jani la mgomba, kikisafika kinaziba tena. Mjomba wa bwana harusi alikuwa amesimama barabarani, koti limelowa.

Baba aliteremsha kioo. "Mkwe, karibu ndani. Kuna joto."

Akaingia, wakabanana mbele na Adela, mzee yule miguu karibu na hita. Tuliposhuka kanisani alimshika baba mkono kwa mikono yake yote miwili, na mbele ya ndugu zake akasema, "Huyu ndiye aliyetufikisha."

Tangu hapo nimepanda magari mengi, katika nchi ambazo baba hakuwahi kuziona. Siku hizi kijana anabonyeza kitufe, joto linakuja, anaendelea kutazama simu yake. Wanafika wote, tena mapema kuliko sisi. Lakini sijaona abiria anayeshuka na kurudi kumshika dereva mkono.