Ndege Asiyejenga Kiota

Mwanangu, iliwahi kuninyima usingizi sentensi moja tu, na nikiikumbuka hadi leo damu inanichemka. Ilisema: "Mbao hizi hazikumdhuru kiumbe yeyote." Niliyetakiwa kuiandika ni mimi.

Ilikuwa katika ile miaka ya elfu mbili na kitu. Nilikuwa nimemaliza chuo juzi juzi, nimeajiriwa Dubai, katika ofisi ndogo ya mtaa wa Silicon Oasis iliyokuwa ikipamba hoteli kwa ndani. Hoteli moja ya Al Garhoud ilitaka ukuta wa mapokezi uwe wa mbao za miti ya kale, kutoka misitu ya pwani ya Pasifiki huko Amerika ya Kaskazini. Muuza mbao akaja na kipande cha mfano na picha za msitu. Katika picha moja alikuwamo kinda, amelala juu ya tawi pana lililoota majani mororo kama zulia.

"Huyo?" Muuza mbao alicheka. "Ndege wa baharini. Anavua samaki, kisha anaruka hadi ndani kabisa ya msitu kutaga. Hata kiota hajui kujenga! Siku hizi wamebaki wachache."

Aliyasema hayo kama anayesifu bidhaa. Nami nikaagizwa niandike maelezo ya mbao hizo ya kumsomea mteja, na ile sentensi iwemo.

Nikaenda kusoma mwenyewe. Ndege yule hutaga yai moja, juu ya tawi la mti mzee, kwa kuwa mti mchanga hauna tawi la kulibeba. Ukikata mti wa kale ukapanda mche, labda umemsaidia kitukuu wa kitukuu wake. Yeye hana pa kutaga. Na bado mbao zile zilikuwa halali! Nikikataa, si wataandika wengine? Viza yangu je, iliyo mikononi mwa kafeel, mwajiri aliyenidhamini? Na kama mti ule haukuwa na yai? Nilikuwa hodari wa kujiuliza, mwanangu. Maswali yangu yalizaa wajukuu.

Kevo, Mkenya tuliyekaa meza moja, alinichoka. "Manze, ni ndege! Hata si wa kwenu. Andika tukule lanchi."

Mwishowe nikatunga ujanja wa msomi: "Mbao hizi zimevunwa kwa mujibu wa sheria." Ilikuwa kweli, nami nikajiona mwerevu. Jioni nikamsomea Bi Zuwena, mama wa Kizanzibari aliyenipangisha chumba Al Twar, ambaye habari ya ndege nilishamsimulia. Alikuwa anachambua mchele, sinia mapajani, hakuinua macho.

"Na yule ndege?"

"Bi Zuwena, sheria inasema..."

"Nakuuliza ndege, weye wanijibu sheria." Akaliweka sinia kando. "Kwetu Pemba tukichuma karafuu, tawi lenye kiota twaliacha na karafuu zake. Zikipukutika, na zipukutike. Na ile ilikuwa njaa yetu, mwanangu, si ukuta wa hoteli! Hawa wana njaa gani?"

"Nikifukuzwa?"

"Ufukuzwe! Kwani riziki aitoa huyo arbab, tajiri wako? Akili nyingi huondoa maarifa. Weye hufikiri, bali wajificha ndani ya fikra."

Hasira ikanipanda. Si kwake, kwa yule aliyecheka mbele ya picha ya kinda, na kwa mimi niliyecheka naye kwa adabu.

Kesho yake tukaitwa hotelini. Madam wa hoteli, mwenye kuamua, alikuwa akikipapasa kile kipande cha mbao. Sir wangu, mkuu wa ofisi yetu, akanikonyeza. "Yalla, soma."

Nikasimama, nikaikunja karatasi bila kuisoma. Nikasema: "Madam, mbao hii ni ya mti mzee. Katika miti kama huu kuna ndege wa baharini anayetoweka, hutaga yai lake moja juu ya tawi. Akikatiwa, hana kwingine. Siwezi kuandika kwamba hakuna aliyedhurika."

"Khalas!" sir alifoka. "Toka nje!"

Madam alikirudisha kipande mezani taratibu, akajifuta kiganja kwa sketi yake.

Baadaye, nikiwa sina kazi tena, Kevo alinipigia simu: "Wameweka marumaru, manze. Sir bado anakutusi." Nilicheka, lakini si kwa furaha. Mbao zile sina shaka ziliuzwa kwingine, zikapambwa kwa sentensi ileile, na mwenye kalamu akalala usingizi. Ndiyo maana hasira yangu haijapoa, wala sitaki ipoe.

Nawe sasa umehitimu, mwanangu, na kalamu yako itatafutwa. Fikiri, lakini usifikiri hadi jambo likupite. Ukiulizwa habari ya kiumbe ukajikuta unajibu sheria, nyamaza uanze upya. Mungu akujaalie tawi pana la kutua, na ulimi usiotetemeka. Na ukitetemeka, useme hivyo hivyo. Mimi nilisema, nikachukua mkoba wangu, nikatoka.