Saa Haijafika

Saa kumi na dakika arobaini alasiri, siku ya Jumatano, binti yangu alianza kulia. Alikuwa na siku tisa. Naijua saa hiyo kwa sababu niliiandika kwenye daftari nililonunua kwa ajili yake, na kwa sababu kitabu changu cha malezi kilisema anyonye saa kumi na mbili. Ilikuwa imebaki saa moja na dakika ishirini.

Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Mpe titi," alisema.

"Saa haijafika, Mama."

"Saa ya nani?"

Nilimbeba mtoto nikatembea naye kutoka dirishani hadi kitandani, hatua saba kwenda na saba kurudi, hadi saa kumi na mbili kamili. Alinyonya kwa dakika kumi na tano, kama kitabu kilivyosema, nikamtoa. Akaanza tena kulia.

Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, na huyo ndiye mtoto wangu wa kwanza. Nina duka la dawa za mifugo pale Uriri. Niliacha shule darasa la saba, na yote ninayoyajua baada ya hapo nilijifunza mwenyewe. Kiingereza nilikitoa kwenye vile vikaratasi vinavyokunjwa ndani ya pakiti za dawa ya minyoo. Vipimo vya dawa ya kuogeshea ng'ombe nilivijua kabla ya aliyekuwa akiniuzia kuvijua. Kwa hivyo nilipopata mimba nilitafuta kitabu. Nilikikuta Migori, kwenye rundo la vitabu vya mitumba. Hakikuwa na jalada, na kilikuwa kimechapwa kabla sijazaliwa. Kilisema mtoto anyonyeshwe kila baada ya saa nne, si zaidi, si pungufu, na kwamba mtoto anayepewa titi kila akilia atakuja kuwa mfalme wa nyumba.

Kliniki walisema vinginevyo, lakini sikuwasikia. Siku ya kwanza nilipoingia, muuguzi alinitazama akauliza, "Mama, umeleta mjukuu? Msichana mwenyewe yuko wapi?" Benchi zima likacheka. Baadaye alieleza mambo ya kunyonyesha kwa muda mrefu na kwa upole, na mimi nilikuwa bado nasikia benchi. Kitabu hakikuwahi kunicheka.

Mama mkwe alikuja kutoka Lambwe siku ya tatu baada ya kujifungua. Kwa mila yao ya Kijaluo mama halali nyumbani mwa mwanawe, kwa hivyo alilala stoo ya duka, kati ya magunia ya chakula cha kuku. Kila asubuhi alitoka na pumba kwenye leso yake akasema magunia yangu yana ukarimu kuniliko. Hakuniita kwa jina. Aliniita nyar Kuria, binti wa Wakuria, na alilitamka kama mtu anayesoma kibandiko kwenye chupa ya sumu. Kijaluo changu ni cha sokoni, Kikuria yeye hajui hata salamu, basi tuligombana kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuna kati yetu aliyezaliwa nayo. Labda ndiyo maana maneno yetu yalikuwa mafupi.

Mume wangu hutengeneza injini za mashua Sori na hurudi Ijumaa. Kabla yangu alikuwa na mke. Waliishi pamoja miaka kumi na mmoja, hawakupata mtoto, kisha mke akafariki. Sikuwahi kumwona. Lakini sufuria kubwa ilikuwa yake, kabati lilikuwa lake, karai nililomwogeshea mtoto lilikuwa lake, na picha yake ilining'inia juu ya redio. Sikulalamika hata siku moja. Mtu akiingia kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa hawezi kuuliza kwa nini dirisha liko upande ule. Nilichotaka ni kitu kimoja tu humo ndani ambacho hakikuwa chake kwanza.

Kilio kiliendelea. Daftari linaonyesha alilia kwa muda wa saa mbili na nusu siku ya kumi, saa tatu siku ya kumi na moja, saa nne na robo siku ya kumi na mbili. Mama mkwe alisema "mpe titi" siku hizo zote, nami nikamwonyesha saa ya ukutani. Siku ya kumi na tatu hakusema kitu. Siku ya kumi na nne alitoka stoo mapema, akasimama katikati ya chumba.

"Amekuja," alisema.

"Nani?"

"Nyieki."

Ni neno la Kijaluo la mke mwenza wako. Niliendelea kukunja nepi.

"Nimemuota. Alikuwa amekaa hapo kwa kabati yake. Anasema amezunguka sana na hakuna mtu anamuita. Hii mtoto inalilia jina, nyar Kuria. Mpe jina ya mwenyewe, itanyamaza."

"Mtoto ana tumbo, Mama. Gesi."

"Gesi," alirudia. "Hiyo imeandikwa kwa kitabu ukurasa gani?"

Kwao si jambo la ajabu. Aliyekufa huja ndotoni, mtoto hupewa jina lake, na aliyekufa bila mtoto ndiye wa kuogopwa zaidi akisahauliwa. Nililielewa vizuri. Nilielewa pia kwamba ningeliita jina hilo mara ishirini kwa siku, nikimwita mtoto ale, nikimwita aoge, kwa maisha yangu yote, na kila nikiliita mama mkwe angesikia nani ameshinda. Nilikataa. Tangu siku hiyo alipika chakula cha mtu mmoja na kukila mlangoni akinipa mgongo.

Jumatano ya wiki iliyofuata mtoto alikuwa na siku ishirini na tatu. Alikuwa amebadilika kilio, kikawa chembamba, na nilipombadilisha nepi niliona ngozi ya mapaja imelegea. Nimeiona ngozi kama hiyo kwenye ndama. Nilimpeleka dukani, nikatandika leso safi juu ya mizani ya kaunta ninayopimia chakula cha kuku, nikamlaza. Mama mkwe alitufuata hadi mlango wa stoo.

"Sasa unapima mtoto kama pumba," alisema. "Utamuuza kilo ngapi?"

Kadi ya kliniki ilisema alizaliwa na kilo tatu na gramu mia mbili. Mizani ilisema kilo mbili na gramu mia tisa na hamsini. Niliitoa leso, nikaisawazisha mizani, nikampima upya. Ilisema vilevile.

Mkulima akiniletea habari za ndama anayelia na kukonda, swali langu la kwanza ni ananyonya mara ngapi. Nimeliuliza swali hilo miaka kumi na minne.

Nilifunga duka, nikaketi kwenye gunia, nikampa titi. Ilikuwa saa tano na dakika tano asubuhi, na kwa kitabu zilikuwa zimebaki karibu saa tatu. Alinyonya dakika thelathini na nane. Nilifuta mstari wa saa kwenye daftari. Hadi kesho yake saa ile alikuwa amenyonya mara kumi na mbili. Alhamisi nilimpeleka kliniki. Yule muuguzi alitazama kadi, akanitazama mimi, na safari hii hakucheka. Alirudia yale yale aliyoyasema mwanzo, nami nikayaandika.

Kilio kilikatika. Sikumwambia mama mkwe kwa nini. Niliona si lazima ajue, maana nilidhani ukimya wa mtoto utaimaliza hadithi ya jina wenyewe.

Ijumaa jioni mume wangu alirudi kutoka Sori, mikono ingali na grisi. Alisimama akasikiliza nyumba.

"Kumenyamaza," alisema.

"Nilimuita," mama yake alijibu. "Jumatano, nikimuogesha, hii bibi yako akiwa dukani asubuhi. Nilimuita jina yake polepole kwa sikio. Akaniangalia. Tangu hiyo siku umesikia kilio? Uliza nyar Kuria."

Mume wangu alinitazama. Uso wake ulikuwa umelegea kwa nafuu, na niliona kwamba alikuwa amelitaka jina hilo muda wote na aliogopa kuniambia.

"Ni kweli amenyamaza tangu Jumatano?"

"Ni kweli."

"Basi imeisha," alisema. Akanawa mikono, akaichukua fomu ya kuandikisha mtoto, iliyokuwa na kila kitu isipokuwa jina, akaiweka mezani na kufungua kalamu.

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kunyamaza, na jina likaandikwa. Ya pili ilikuwa kwenye daftari, kwa mwandiko wangu. Nililileta, nikalifungua mbele yake, nikasoma kwa sauti: uzito wa kuzaliwa, mara sita kwa siku kwa siku ishirini na tatu, uzito wa Jumatano, kisha mara kumi na mbili, na uzito wa Ijumaa asubuhi, kilo tatu na gramu hamsini.

"Ilikuwa njaa," nilisema. "Hakuwa analilia jina."

Mume wangu alisoma ukurasa wote akiufuata kwa kidole. "Ulimnyima," alisema hatimaye. Hakupandisha sauti. "Kulikuwa na maziwa, na ulimnyima."

"Nilifuata kitabu."

"Mimi nilikuambia siku ya kwanza mpe titi," mama mkwe alisema. "Ukaniambia saa haijafika. Siku nne. Ulipokataa sauti yangu, nikaenda kuuliza wale wakubwa kuniliko. Ulitaka niulize nani? Ukuta?"

Nililifunga daftari.

Kalamu ilifungwa. Kesho yake Jumamosi, baada ya ibada ya Sabato, tuliandika jina jingine ambalo halikuwa la mtu yeyote wa nyumba ile. Mume wangu alikubali bila kunitazama, na ulipita mwezi kabla ya kula nami meza moja. Mama mkwe aliondoka Jumapili. Stejini, watu wakimpakilia mfuko, aliwaeleza kwa sauti ya kutosha kunifikia kwamba anatoka kwa mwanamke anayelisha kuku vizuri.

Habari ilifika Lambwe kabla yake. Wapo wateja wa huko ambao tangu siku hiyo hununua dawa Homa Bay.

Binti yangu sasa ana miaka mitano. Anaandika jina lake mwenyewe, lile la kwenye fomu. Shule zikifungwa huenda kwa nyanya yake Lambwe, na huko huitwa kwa lile jina la marehemu. Niliwahi kusimama nje ya ua nikamsikia akiitwa. Aliitika alipoitwa mara moja tu, akakimbia kwa nyanya yake.

Daftari ninalo bado. Kitabu nilikichana ukurasa kwa ukurasa nikafungia mbegu za sukuma wiki hadi kikaisha. Kule Migori nilikuwa nimekilipia shilingi sabini.